A.V. HILL: MZEE ALIYEPIMA JOTO LA MSULI WA CHURA MPAKA AKAPEWA NOBEL

Najua nimepotea wiki kadhaa, maisha tu, msinune. Leo nakuja na stori ndefu, kwa hiyo wewe ambaye umebakiza dakika kumi hapo kafe, ama ongeza muda ama nakili kwenye flashi ukasome nyumbani taratibu.

Stori yenyewe imeanzia uwanjani kwetu. Timu yetu ya mtaani ilikuwa inajiandaa na mechi ya kugombea mbuzi, kocha akaamua tufanye mazoezi saa saba mchana. Mwezi wa pili, Dar! Jua mnalijua. Tena kocha wetu ni wa shule ya zamani, maji huruhusiwi kugusa mpaka mazoezi yaishe, eti yanamfanya mchezaji awe mzito. Baada ya kama saa nzima ya kukimbia, winga wetu mmoja akaanza kuyumba kama mtu aliyelewa. Ukimuuliza kitu anajibu kingine. Mara puu, chini! Kocha akasema hiyo ni asidi ya misuli tu, mwacheni apumzike, itatoka yenyewe.

Bahati ya yule kijana ni kwamba dada mmoja nesi alikuwa anapita akitoka zamu. Alimgusa kifuani mara moja tu akaanza kutufokea tulete maji. Tukachukua ndoo tatu za mama lishe bila hata kuuliza bei, tukamvua jezi, tukammwagia na kumpepea kwa kanga muda wote tuliokuwa tunasubiri bajaji. Alipona, mshikaji yupo na anacheza. Lakini hospitali walituambia kwamba kilichomwangusha ni joto la mwili wake mwenyewe, na kwamba zile ndoo tatu ndizo zilizomwokoa.

Sasa mimi nikabaki na swali. Hiyo asidi ya misuli ambayo kila kocha anaitaja imetoka wapi? Na hilo joto linatoka wapi kama siyo juani? Nikaanza kusoma, na kila nilikogeuka nikakutana na jina moja. A.V. Hill. Nikajikuta namsoma mtu badala ya kusoma misuli, na nakiri nimempenda.

Alizaliwa Bristol, Uingereza, tarehe 26 Septemba 1886. Jina kamili ni Archibald Vivian Hill, lakini hilo la Archibald hakulipenda hata kidogo, akawa A.V. tu maisha yake yote. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Kijana akiwa na miaka 3 baba akaondoka zake, akamwacha mama, Bi Ada, na watoto wawili. Mama ndiye aliyewalea na kuwasomesha. Wako wengi hapa wanaoijua hali hiyo, sina haja ya kuieleza. Dogo akapata nafasi ya kusoma kwa ufadhili, kwanza katika shule ya Blundell's kule Tiverton, kisha chuo cha Trinity, Cambridge.

Cambridge hakusoma udaktari wala baiolojia. Alisoma hesabu. Mwaka 1907 alishika nafasi ya tatu katika mtihani wa hesabu wa chuo kizima, na mtihani huo wakati ule ulikuwa habari ya magazetini, kama matokeo ya kidato cha nne kwetu. Lakini moyoni hesabu tupu zilikuwa zimeanza kumchosha. Mwalimu wake aliyekuwa anamlea pale chuoni, Walter Fletcher, alikuwa mtu wa fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Fletcher akamshawishi ahamie huko. Na hapa ndipo ile asidi inapoingia, kwa sababu Fletcher huyohuyo, pamoja na mwenzake Frederick Hopkins, mwaka huo wa 1907 walikuwa wametoa utafiti kuonyesha kwamba msuli wa chura ukifanyishwa kazi bila oksijeni hujaa asidi ya laktiki, na ukipewa oksijeni asidi hiyo hupungua.

Mwaka 1909 profesa wa idara, John Langley, akamwandikia Hill barua kumshauri aufuatilie mchezo huo wa asidi na nguvu za msuli. Kijana wa hesabu akapewa chura. Ndiyo ikawa kazi yake kwa zaidi ya miaka 50.

Kabla sijaendelea na chura, kuna kitu alikifanya kama kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1910 alitunga fomula fupi ya kueleza jinsi himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, inavyoshika oksijeni. Fomula hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo, na watu wanaotengeneza dawa wanaitumia kila siku kupima dozi inavyofanya kazi. Alikuwa na miaka 23! Mimi nikiwa na 24 nilikuwa natafuta chaji ya simu.

Haya, chura. Hill alijiuliza swali ambalo mtu wa hesabu tu ndiye angejiuliza hivyo. Msuli unapovuta, nguvu inatoka wapi, na hesabu zake zinafungwaje? Kama gari linavyochoma petroli, sehemu inasukuma magurudumu na sehemu inapotea kama joto, basi na msuli vilevile. Ukiweza kulipima joto lake kwa usahihi, tena sekunde kwa sekunde, utajua ndani kunafanyika nini bila kuufungua.

Ugumu uko kwenye kipimo. Msuli mdogo wa chura ukishtuka mara moja, joto lake linapanda elfu chache tu za nyuzi moja. Siyo nyuzi mbili, siyo nusu. Elfu chache za nyuzi moja! Kipimajoto cha hospitali hakina habari. Hill akatumia vipande vidogo vya metali za aina mbili vilivyounganishwa, ambavyo kiungo chake kikipata joto kinatoa umeme kidogo sana, na umeme huo akaupeleka kwenye galvanomita, chombo chenye kioo kidogo kinachogeuka na kurusha mwanga ukutani. Kioo kikigeuka kidogo, nukta ya mwanga inasogea. Mwaka 1911 alikwenda Ujerumani, Tübingen, kwa fundi mkubwa wa vyombo hivyo, Friedrich Paschen, kujifunza. Miaka mingi iliyofuata yeye na mafundi wake walikuwa wanavifanya vyombo hivyo kuwa vyepesi na vyenye kasi zaidi.

Alichokiona kilishangaza. Joto la msuli halitoki mara moja. Linatoka kwa awamu mbili. Kwanza lipo joto la kuvuta lenyewe, linatoka palepale, na halijali kama kuna oksijeni au hakuna. Msuli umefungiwa ndani ya naitrojeni tupu, bado unavuta na joto lile linatoka vilevile. Halafu, kazi ikishaisha, msuli umetulia kabisa, linaanza joto la pili, la taratibu, linaloendelea dakika kadhaa. Hilo la pili linahitaji oksijeni. Bila oksijeni halionekani. Kwa hiyo oksijeni siyo ya kuvutia, ni ya kulipia. Msuli unakopa kwanza, unalipa baadaye.

Na hapo hesabu zikamsaidia. Alikokotoa kwamba kama asidi yote ya laktiki ingekuwa inaunguzwa wakati wa kulipa, joto la pili lingekuwa kubwa mara nyingi kuliko lile alilolipima. Basi lazima sehemu ndogo tu ndiyo inaunguzwa, na iliyobaki inarudishwa kuwa akiba. Kule Ujerumani, Otto Meyerhof akafika mahali hapohapo kwa njia ya kemia.

Vita ya Kwanza ya Dunia iliingilia katikati. Jeshi lilimchukua Hill akaongoza kikundi cha watu wa hesabu waliokuwa wanapima jinsi mizinga inavyoweza kuipata ndege angani. Kikundi kilijaa vichwa, akina Ralph Fowler na Edward Milne, na kikajulikana kama Maharamia wa Hill. Mmoja wao, William Hartree, alinogewa na bosi wake hadi vita ilipoisha akaenda kupima joto la misuli pamoja naye. Kabla ya hapo, mwaka 1913, Hill alikuwa amemwoa Margaret Keynes, dada yake John Maynard Keynes, yule mchumi ambaye wanafunzi wa uchumi mnamlaani kila mtihani.

Mwaka 1920 akawa profesa Manchester. Zawadi ya Nobel ya tiba ya mwaka 1922, ambayo ilitolewa 1923, wakagawana yeye na Meyerhof. Mwingereza na Mjerumani, miaka michache tu baada ya nchi zao kuuana mahandakini. Mwaka huohuo wa 1923 akahamia chuo cha University College London, na huko ndiko alikomalizia kazi.

Sasa njooni nyie wanamichezo, sehemu yenu hii.

Hill alikuwa mkimbiaji tangu ujana. Kule Manchester akaona kwa nini aishie kwa chura? Akajigeuza yeye mwenyewe chura. Akawa anavaa mfuko mkubwa wa mpira mgongoni, mdomoni ana bomba lenye vali, pua imebanwa, anazunguka mbio kwenye uwanja wa majani huku pumzi yake yote inaingia kwenye mfuko ili ipimwe. Profesa mzima, ameshavuka miaka 35! Majirani sijui walisema nini. Wenzake Hartley Lupton na Cyril Long walikuwa kwenye mchezo huohuo.

Walichokipata ndicho kinachotumika leo kwenye kila maabara ya michezo duniani. Ukiongeza kasi, unatumia oksijeni zaidi, lakini unafika mahali ambapo hata ukiongeza kasi oksijeni haiongezeki tena. Hapo ndipo dari yako. Dari ya Hill ilikuwa kama lita 4 kwa dakika. Ukikimbia juu ya dari hiyo unakwenda kwa mkopo, na ukisimama unahema kwa nguvu kulipa. Yeye akaliita deni la oksijeni. Akaeleza kwa hesabu kwa nini mtu anaweza kukimbia mita 100 kwa kasi ambayo hawezi kuishikilia kwa mita 1500. Alidhani pia kwamba mwilini kuna kitu kama kile kidhibiti mwendo cha mabasi ya mikoani, kinachoupunguza moyo kasi kabla haujajiumiza. Wazo hilo lilisahaulika, mpaka miaka ya 1990 Tim Noakes wa Afrika Kusini akalifufua, na mpaka sasa wataalamu wanalumbana juu yake.

Mwaka 1927 alikuwa Cornell, Marekani. Huko akawafunga wakimbiaji kipande cha msumeno wa chuma kilichotiwa usumaku, akapanga koili za waya kando ya njia. Mkimbiaji akipita kwenye koili, umeme mdogo unazaliwa na galvanomita inaandika. Kumbuka hakuna kamera ya kisasa wala kompyuta. Kwa msumeno na waya akachora mchoro wa kasi ya mkimbiaji kutoka anapoondoka mpaka anapochoka. Kuna wakati msikilizaji mmoja Marekani alimuuliza mambo yote haya yana faida gani. Hill akakubali kiungwana kwamba kusema kweli hawafanyi kwa ajili ya faida, wanafanya kwa sababu inafurahisha. Hapo ndipo niliposema huyu ni mtu wangu.

Sasa lile pigo. Kumbuka watu wote waliamini kwamba asidi ya laktiki ndiyo inayoufanya msuli uvute. Heshima ya Hill na ya Meyerhof, Nobel na yote, ilikuwa imesimama karibu na imani hiyo. Mwaka 1930 kijana wa Copenhagen, Einar Lundsgaard, akatoa kitu. Alikuwa ameitia misuli ya chura sumu fulani inayozuia kabisa asidi ya laktiki isitengenezwe. Kwa imani ya wakati ule msuli huo ungekuwa umekufa. Lakini ukavuta! Ulivuta mara nyingi tu mpaka akiba yake ya fosfati ilipokwisha. Maana yake asidi siyo petroli wala siyo plagi. Nguvu ya haraka inatoka kwenye molekuli za fosfati, zile ambazo leo tunaziita ATP na fosfokreatini.

Mtu mwingine angepigana. Tunawajua wakubwa wetu, mtu akishapewa cheti hakosei tena. Hill hakupigana. Mwaka 1932 aliandika makala ndefu akikubali kwamba nyumba imeanguka, na kichwa cha makala hiyo aliita hali hiyo mapinduzi. Vipimo vyake vya joto vilibaki sahihi vyote, tafsiri ndiyo iliyobadilika. Na hakuishia hapo. Mwaka 1950 aliwachokoza hadharani watu wa kemia wathibitishe kwamba ATP inavunjwa kweli msuli unapovuta mara moja tu, wasibaki kudhani. Iliwachukua miaka 12. Jibu lilipatikana 1962. Kisha 1964, mzee ana miaka zaidi ya 77, akachapisha vipimo vipya vinavyoonyesha kwamba jambo moja alilosema yeye mwenyewe mwaka 1938 kuhusu joto la msuli unapofupika halikuwa sahihi. Hakuna aliyemlazimisha. Fomula yake ya 1938 inayohusisha uzito na kasi ya msuli bado inatumika, lakini ile sehemu ya joto aliirekebisha mwenyewe.

Kwa hiyo kocha wangu, popote ulipo, hiyo asidi yako ilishakataliwa tangu 1930, na mwenye Nobel akakubali. Kuna zaidi. Kuanzia miaka ya 1980 George Brooks wa California ameonyesha kwamba laktiki ni chakula. Msuli mmoja unaitoa, moyo na misuli mingine inaichukua na kuiunguza. Ukimaliza mazoezi, ndani ya saa moja hivi imeshaondoka kwenye damu. Yale maumivu ya siku ya pili, unaposhindwa kushuka ngazi, hayana uhusiano nayo. Hayo yanatokana na nyuzi za msuli kuchanika kidogokidogo na kujitengeneza.

Na lile joto? Hapa ndipo nilipochimba zaidi, kwa ajili ya winga wetu.

Msuli ni injini ya hovyo kiasi. Katika nguvu yote inayotumika, kama robo tu ndiyo inakuwa kazi, inayobaki ni joto. Chukua chapati nne ulizokula: moja imekukimbiza, tatu zimekuchemsha. Mtu anayekimbia kwa nguvu anatoa joto la karibu wati 1000, sawa na pasi ya umeme. Umebeba pasi iliyowashwa ndani ya tumbo, juu yake kuna jua la saa saba, na kocha amekunyima maji ya kutolea jasho. Msuli wa paja unaweza kupita nyuzi 39. Mwili mzima ukivuka nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Mpoze kwanza kwa maji mengi palepale, usafiri baadaye.

Hill aliliona joto kama risiti: linakuonyesha kilichotumika. Kitu ambacho yeye hakukijua kwa muda mrefu ni kwamba joto ni ujumbe pia. Mwaka 1962 Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikuwa anachunguza nzi wadogo wa matunda, na mwenzake akaongeza joto la kabati la kufugia kwa makosa. Ritossa akatazama kwenye hadubini akakuta jeni fulani zimevimba, zimeamka. Jarida kubwa likamkatalia makala yake kwa kuona haina umuhimu. Mwaka 1974 ndipo zilipoonekana protini zenyewe zinazotengenezwa na jeni hizo, na baadaye zikaonekana karibu kila kiumbe, na kwenye msuli wa mtu aliyefanya mazoezi.

Zinavyofanya kazi ni hivi. Ndani ya seli kuna protini mafundi, wanaonyoosha protini nyingine zilizopindika. Siku za kawaida mafundi hawa wamemshikilia mjumbe mmoja anayeitwa HSF1, yupo tu, hana kazi. Joto likipanda, protini nyingi zinapindika kwa mpigo, mafundi wanamwachia mjumbe wanakimbilia ajali. Mjumbe akishaachiwa anaungana na wenzake wawili, wanaingia kwenye kiini cha seli, wanaamuru mafundi zaidi watengenezwe. Hakuna bosi aliyetoa amri. Uhaba wa mafundi wenyewe ndio amri!

Na si huyo peke yake. Mazoezi yakipunguza ATP kuna mlinzi aitwaye AMPK anashtuka, anasukuma seli ijenge mitokondria zaidi, yale majiko ya kuunguzia chakula kwa oksijeni. Seli za msuli wa panya zikipashwa joto la wastani kwenye sahani, njia hiyohiyo inaamka hata bila kukimbia. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2011 kwamba msuli wa mtu ukipashwa joto pamoja na mazoezi ya uzito, ishara za kujenga msuli zinapanda zaidi. Kabla hujakimbilia kuvaa sweta mchana: majaribio mengine ya watu waliofanya mazoezi ya muda mrefu kwenye joto kali yameonyesha ishara za kujenga mitokondria zikishuka badala ya kupanda. Kinachojulikana vizuri ni kwamba mwili unaweza kuzoea joto ndani ya wiki moja hadi mbili, ukipandishiwa taratibu na ukipewa maji. Jasho linaanza mapema, damu inaongezeka majimaji, moyo unatulia. Taratibu, nimesema.

Narudi kwa mzee, sijamaliza. Mwaka 1933 Hitler alipoanza kuwafukuza Wayahudi vyuoni, Hill alikuwa mmoja wa waliounda baraza la kuwasaidia wasomi hao, pamoja na William Beveridge na Ernest Rutherford. Mwaka huohuo alisema hadharani kwamba yanayofanyika Ujerumani ni aibu, na mshindi mwingine wa Nobel, Johannes Stark aliyekuwa Mnazi, akamjibu kwa hasira kwenye jarida. Baraza lile liliwasaidia mamia. Mmoja wa waliokuja kwake ni kijana kutoka Leipzig, Bernard Katz, aliyefika London 1935. Hill alimpa kazi maabara na akamkaribisha nyumbani kwake aishi na familia. Katz akachukua Nobel yake mwaka 1970 kwa kueleza jinsi mshipa wa fahamu unavyoupa msuli amri. Maabara Hill aliweka kikaragosi cha Hitler chenye mkono wa kuinuka kupiga saluti. Wakimbizi wakishtuka anawaeleza kwamba ni shukrani zake kwa huyo bwana, kwa jinsi alivyomletea wanasayansi wazuri. Meyerhof naye alikuwa Myahudi. Alikimbilia Ufaransa mwaka 1938, na Ufaransa ilipoanguka 1940 akakimbia tena mpaka Marekani, akafia huko 1951.

Wakati wa Vita ya Pili Hill alikuwa mbunge wa chuo cha Cambridge, 1940 hadi 1945. Aliwahi kwenda Washington kuwashawishi Waingereza na Wamarekani wabadilishane siri za sayansi, na baadaye India kushauri jinsi ya kujenga utafiti. Hayo ya siasa nayapita haraka, kwa maoni yangu hayakuwa bora kuliko chura.

Ila kuna kitu kimoja kinachotugusa sisi Waafrika. Binti yake, Polly Hill, alikwenda Ghana, akafundisha na kufanya utafiti Legon, akatembea vijijini kuwahoji wakulima wa kakao. Kitabu chake cha 1963 kilionyesha kwamba kilimo kile hakikuletwa na mabwana shamba wa kikoloni. Wakulima wenyewe walihama, wakanunua ardhi na kuwekeza. Watoto wa mzee huyu wanaonekana walirithi tabia ya kupima kwanza ndipo waseme.

A.V. alirudi Cambridge mwaka 1967 na kufariki huko tarehe 3 Juni 1977, akiwa na miaka 90.

Winga wetu alirudi uwanjani baada ya wiki nne kwa ruhusa ya daktari. Mazoezi sasa yanaanza saa kumi na moja jioni na ndoo mbili za maji zipo kando ya goli. Kocha bado anaamini asidi yake, nimemchapishia makala hii kwa shilingi mia mbili kwa ukurasa, ameahidi kuisoma. Mbuzi hatukumpata, tulifungwa kwa penalti.

Haya wadau, uwanja wa maoni huo hapo chini. Wenye kocha wa kunyima maji mtaani kwenu semeni, majina acheni. Na kama kuna mdau nesi au daktari naomba anisahihishe nilipokosea, sitanuna.